Ndege Tatu Ambazo Mzee Walter Hakuzitungua

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo nilimfanya mzee wa watu atungue ndege tatu za adui bila yeye mwenyewe kuwa na habari. Alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye kiti chake cha magurudumu, suti nimempigia pasi mwenyewe, ua jekundu la kitambaa kifuani, anatabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa nazitungua. Nilitungua ya kwanza, watu wakapiga makofi. Nikaona utamu, nikatungua ya pili.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo utaniona mwehu, na sikuwa mwehu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba tu. Leo nina wajukuu, magoti yananiambia hali ya hewa kabla ya redio, na bado nikiikumbuka siku ile nasikia joto la aibu masikioni.

Nilikuwa na miaka miwili tangu nitoke Kigoma. Niliishi huku ng'ambo, mtaa wa Parkdale, kwenye chumba nilichogawana na dada mmoja wa Burundi aliyekoroma kama mashine ya kusaga. Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani kwao. Kila asubuhi nilipanda mpaka ghorofa ya tisa, jengo la tatu kutoka letu, kwa mzee mmoja aliyeitwa Walter. Namwogesha, namvalisha, namtengenezea uji wa shayiri anaoulalamikia kila siku na kuumaliza kila siku, kisha namsogeza dirishani atazame magari. Mke wake alikuwa ameshafariki, na watoto hawakujaliwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa na mzaha wa chini chini, ule ambao unaucheka ukiwa umeshafika kituo cha basi.

Ukutani kwake kulikuwa na picha ya vijana watatu wamesimama mbele ya ndege. Siku moja nikamuuliza.

"Wa katikati ni rubani," akasema. "Huyo mfupi ni mpiga bunduki. Mwenye masikio ni mimi. Wakati wa ile vita kuu tulikuwa tunaruka chini chini, tunatupa mabomu." Kisha akauliza kama uji umebaki.

Ni hayo tu, mwanangu. Mtaji wangu wote wa uongo ulikuwa maneno hayo.

Sasa kanisani kwetu nilikuwa kwenye kwaya, na kwaya ile ilikuwa na akina mama wawili walionikosesha raha. Mmoja alisafisha nyumba ya hakimu. Mwingine alimtunza bibi mmoja ambaye aliwahi kuimba kwenye televisheni. Kila Jumamosi ya mazoezi ilikuwa hakimu kafanya hivi, mwimbaji kasema vile. Mimi nilikuwa na Walter na uji wake. Jumamosi moja nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mimi namwogesha shujaa wa vita."

Wote wakanigeukia.

"Shujaa gani?" akauliza yule wa kusafisha, tuliyemwita mama wa hakimu.

"Rubani," nikasema. "Wa ndege za mabomu. Ilibaki kidogo tu awe jemadari."

Habari hiyo ilimfikia Mchungaji Eliya kabla sijafika nyumbani. Mchungaji alikuwa mtu wa Bukavu, anahubiri kwa Kiswahili na kuomba kwa Kifaransa, Kiingereza chake kikiwa bado cha kununulia tiketi. Wiki iliyofuata akaniita. Akasema mwezi wa kumi na moja unakuja, nchi nzima itavaa maua mekundu kuwakumbuka askari, na waumini wake wanamuuliza maua ya nini. "Huyo mzee wako atatuambia," akasema. "Wewe utatafsiri."

Nilipaswa kukiri palepale. Nilisema, "Amina."

Walter alikataa mara tatu. Alisema hana la kusema kanisani. Nikambembeleza, nikamwambia watu wanamsubiri, kwaya imeandaa wimbo. Hakutikisika. Mwisho nikamwambia kutakuwa na chakula.

"Chakula gani?"

"Si uji."

"Saa ngapi tunaondoka?" akasema.

Tulikuwa tukikodi ukumbi kule Downsview, nyuma ya ghala la magodoro, karibu na kiwanja cha ndege. Waumini wengi walikuwa familia zilizotoka mashariki ya Kongo na Burundi, wengine hawajamaliza hata mwaka. Wazazi walikuwa bado wanahudhuria madarasa ya Kiingereza. Watoto wao walikuwa wameshakimeza chote, wanaota kwa Kiingereza. Hilo nililisahau, na lilikuja kunitokea puani.

Kuna mtu mmoja zaidi nataka umfahamu kabla hatujaingia ukumbini. Anaitwa Mama Nabintu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume wetu wa besi. Kila ndege ilipopita chini juu ya paa la ukumbi, Mama Nabintu aliacha kuimba. Anafunga mdomo, anatazama dari. Ndege ikishapita anaingia tena palepale wimbo ulipofika, bila kukosea hata silabi. Tulikuwa tumezoea. Tulijua ametoka kwenye vita, na kwa kuwa karibu kila mtu pale alikuwa ametoka kwenye vita, hakuna aliyemuuliza.

Basi Jumapili ikafika. Gari la abiria wa viti vya magurudumu likatuleta kutoka Parkdale, Walter amenyooka kama bwana harusi. Nikamsukuma mpaka mbele. Mama wa hakimu alikuwa safu ya kwanza, mikono ameikunja kifuani, amekuja kukagua.

Walter akashika kipaza sauti, akasalimia, akaanza. "Mimi nilitaka kuwa rubani. Nikashindwa mtihani, kwa sababu nilitua juu ya banda la kuku la mkulima mmoja."

Nikamtazama mama wa hakimu. Mwanangu, sikuweza. Nilikuwa nimewaahidi watu karibu jemadari, sasa jemadari ananitulia juu ya kuku! Nikavuta pumzi.

"Anasema," nikatangaza, "alikuwa rubani hodari mpaka walimu wake wakamwogopa."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nyuma, walipokaa watoto, nikasikia kicheko kidogo. Sikukijali.

"Kwa hiyo wakanipa ramani," Walter akaendelea. "Nalala kifudifudi kwenye pua ya ndege, ambayo ilikuwa ya kioo, namwambia rubani apite wapi. Tukifika, mimi ndiye ninayeachia mabomu."

"Anasema alikaa mbele kabisa, mbele ya wote, kama simba."

"Tuliruka chini sana. Chini kuliko ghorofa ninayokaa leo. Ukiruka juu, bunduki za adui zinakuona mapema. Ila huko chini upepo unairusha ndege kama gari kwenye mashimo. Nikatapika ndani ya kofia yangu. Kisha nikasahau, nikaivaa."

Watoto wakalipuka. Wazazi wakageuka kuwatolea macho. Mimi nikaona jambo linaharibika, nikapaza sauti.

"Anasema adui walipomwona anakuja, walitapika!"

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kipaza sauti kikalia. Walter akaniinamia sikioni.

"Wanafurahi kwamba nilitapika?"

"Ni mila zetu," nikamwambia.

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyejifunza kitu. Akaendelea. Akasema aliishika ramani juu chini, wakapita mto uleule mara mbili. Mimi nikasema walipita chini ya daraja, mara mbili, kwa makusudi. Kisha akasema, "Ndege tatu za adui zikatujia. Bunduki yetu ikakwama. Tukakimbia."

Hapo ndipo nilipozitungua, moja baada ya nyingine. Ya kwanza iliwaka moto. Ya pili ilivunjika bawa. Ya tatu niliipa maelezo marefu, rubani wake anaruka na mwavuli huku anapiga magoti angani. Watu wamesimama. Mchungaji anapunga kitambaa. Hata mama wa hakimu ameikunjua mikono.

Walter alinisubiri nimalize, kisha akanitazama kwa mshangao. "Kiswahili ni kirefu," akasema.

Ndipo akasimama Neema, binti wa mchungaji, mwenye miaka kumi na nywele za mabutu mawili. Wenzake walikuwa chini ya viti wanakufa kwa kicheko, lakini yeye hakucheka. Alisimama katikati ya njia, na kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu ubaoni akasema kwa Kiingereza, "Anti Devota, hakusema hivyo."

Kiingereza, mwanangu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Walter.

"Nilisema nini?" akamuuliza.

Neema akamhesabia kwa vidole. Walimu walimwogopa. Simba. Adui walitapika. Daraja. Ndege tatu, na mmoja akipiga magoti angani.

"Mtoto anasema nini?" watu wakaanza kuuliza. "Neema, sema nasi tusikie!"

Sasa Neema Kiswahili alikisikia vizuri, ila kukisema alikuwa anakiokoteza. Akageuka kwa wazazi, akafikiri, akakunja uso. "Babu," akasema, "ana-tapika. Ndani ya kofia. Halafu, ana-vaa."

Mimi nilikuwa natazama mlango wa dharura, nahesabu hatua. Kisha nikasikia sauti kama ya injini ya zamani inayokataa kuwaka. Alikuwa Walter. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikampiga mgongoni, na alipopata pumzi akafuta macho.

"Devota," akasema. "Tuanze upya. Anzia kwenye kuku."

Nikaanzia kwenye kuku. Jasho linanitoka, sauti imekuwa nyembamba kama ya mtoto wa darasa la kwanza, nikatoa neno moja moja kama lilivyo. Nikasema alishindwa mtihani. Nikasema kofia. Nikasema ramani ilikuwa juu chini. Na unajua nini kilitokea? Watu walimpenda zaidi. Walicheka mpaka wakaegemeana. Baba mmoja aliyekuwa hajacheka tangu afike nchi hii, mkewe aliniambia baadaye, alilia machozi kwenye habari ya kofia. Walter naye akapata moto. Akawaeleza kwamba siku ile walirudi na kamba ya kuanikia nguo imenasa kwenye mkia wa ndege, na kwenye kamba kulikuwa na shuka moja na chupi ya mtu mnene sana. Mafundi wa kambi waliitundika kama bendera.

Ukumbi wote ulikuwa unacheka. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Nabintu alikuwa amesimama.

"Devota," akasema. "Muulize."

"Nimuulize nini, mama?"

"Muulize kama wanatuonaka. Wale wa ndege, wakati wako kule juu. Muulize kama alituona."

Vicheko vikaisha, kimoja kimoja, kama taa zinazozimwa. Ninakuambia ukweli: nilikuwa nimeshaaibika mbele ya kanisa zima, na bado kichwa changu kilikuwa kinatafuta njia ya mkato. Nilitaka kumwambia Walter, mama anauliza kama hali ya hewa ilikuwa nzuri. Lakini Neema alikuwa bado katikati ya njia, ananitazama bila kupepesa. Nikauliza kama nilivyoulizwa.

Walter akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya koti, kioo kimoja kisha kingine.

"Mwambie ndiyo," akasema. "Ilikuwa mchana. Kulikuwa na mama anaanika nguo nyuma ya nyumba. Tulikuwa chini kiasi kwamba niliona vibanio mdomoni mwake. Alitazama juu, akanitazama mimi. Nadhani alikuwa amekasirika kuliko alivyoogopa. Mabomu yetu yalitegwa yapasuke baada ya sekunde kumi na moja, ili tuwahi kupita yasitulipue sisi wenyewe. Mwambie, zile sekunde ziliwekwa kwa ajili yetu. Hazikuwekwa kwa ajili ya yule mama. Tulitumwa kuvunja kiwanda. Mengine yaliangukia kiwanda. Mengine yaliangukia nyumba. Mimi ndiye niliyeachia. Sijui kama alipata muda."

Nikafungua mdomo. Na hapo, mwanangu, nilikuwa nayo tayari, sentensi tamu kabisa, imeshaiva: anasema Mungu alimwokoa mama yule. Nani angenilaumu? Ningemfariji Mama Nabintu, ningemfariji na Walter. Lakini mzee alinishika kifundo cha mkono.

"Kama nilivyosema, Devota. Usiongeze. Usipunguze."

Nikasema kama alivyosema. Zile sekunde nilizisema mara mbili.

Mama Nabintu akanyoosha mikono mbele yake. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kimoja, kingine, polepole, na watu mia na zaidi wamekaa wanamsikiliza anahesabu. Vidole vikaisha, akagusa pua kuwa ya kumi na moja.

"Ni mingi," akasema. "Mwambie ni mingi. Sisi kwetu hatukupewa hata tano. Nilikuwa na mimba ya miezi munane, na nilikimbia nikapita wanaume wawili na mbuzi."

Nikatafsiri. Walter aliinua kichwa. "Na mbuzi?"

"Anauliza, na mbuzi?"

"Na mbuzi," akasema Mama Nabintu kwa uzito. "Tena hakuwa amefungwa."

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Mama Nabintu akamruhusu kwa mkono, cheka tu. Kisha akamgeukia Walter, akamkazia macho yeye huku anasema nami, mimi nakimbizana na maneno yake.

"Simwambii kama yule mama alikimbia. Sikukuwa kule. Namwambia tu mwanamke anaweza kukimbia. Na umwambie hivi: wale wa ndege wa kwetu hawajarudi kutuambia kama walituona. Huyu amekuja. Nimesikia."

Hakusema amemsamehe, na sikumwongezea. Walter alitafuta leso mfukoni, akaikosa, nikampa ya kwangu. Mama Nabintu alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya sombe, bugali, yaani ugali wa kwao, na samaki mzima, akaiweka kwenye magoti ya mzee. Walter akaionja ile sombe, akatafuna muda mrefu.

"Devota, haya ni majani ya nje?"

"Ni majani ya muhogo."

"Muulize kama yapo mengine."

Sasa unafikiri mambo yaliishia hapo. Kulikuwa na safari ya kurudi.

Kwenye gari nililia njia nzima. Nilijua kazi imekwisha. Nilimwambia Walter, nisamehe, nilitaka wakuheshimu. Tulipokwama kwenye foleni ya barabara kuu, akanigeukia.

"Uliona aibu kwa ajili yangu," akasema. "Mimi nilikuwa sijaiona."

Nikazidi kulia.

"Sikiliza. Yule rubani alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa anauma kucha mpaka damu. Yule mpiga bunduki alikuwa anaimba nyimbo za matusi kila tulipopaa, kwa sababu akinyamaza meno yanagongana. Wiki moja baada ya siku ile mimi niliugua mafua, wakamweka mwingine kwenye nafasi yangu. Hawakurudi. Ninao wote wawili hapa," akagusa suti, upande wa ua, "na ninao jinsi walivyokuwa. Wewe ukiwafanya simba, unaninyang'anya. Simba sikumjua hata mmoja kule."

Foleni ikasogea kidogo, ikasimama tena. Nikapenga kamasi.

"Na tafsiri yako ya leo, ile ya kwanza," akasema, "ilikuwa na ndege ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," akarudia. "Medali ningepata." Akatazama nje ya dirisha, mabega yanatikisika, na nikajua bado nina kazi.

Adhabu yangu ilitoka kwa mchungaji. Nilitolewa kwenye kipaza sauti mpaka Pasaka, nikapangwa kuosha masufuria. Nilioshea pembeni ya mama wa hakimu, ambaye alikuwa zamu ya jikoni mwezi ule. Tulisugua wiki mbili bila kusemezana. Ya tatu akaweka sufuria chini, akatazama huku na huku, akaninong'oneza kwamba yule hakimu wake si hakimu, ni karani wa mahakama. Tukacheka mpaka sabuni ikatuingia machoni. Amekuwa rafiki yangu mpaka leo.

Walter na Mama Nabintu nao wakawa na kikao chao. Kila Alhamisi mama alipanda mpaka ghorofa ya tisa na bakuli la sombe, na mimi nikakaa katikati kutafsiri. Mwanangu, hapo ndipo nilipojifunza kazi. Mama akisema masikio ya mzee yangeweza kupepetea mpunga, nilisema. Mzee akisema sombe ya leo ina mchanga, nilisema, na nikainama kwa tahadhari. Siku nyingine mama alieleza alivyomwacha dada yake njiani siku ya ile ndege, na mzee akasikiliza, na hakukuwa na neno zuri la kumpa, akasema tu, "Sina la kusema." Nikatafsiri hivyo hivyo. Mama Nabintu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameletewa maneno mazuri mengi na watu wa kila aina tangu afike, na nadhani yalikuwa yamemchosha.

Mzee alifariki majira ya joto ya mwaka wa pili. Kwenye mazishi tulikuwa watu wa kanisa karibu wote, wengi kuliko hata ndugu zake, na Neema ndiye aliyetafsiri, kwa sababu alikuwa ameshajifunza Kiswahili cha kusema. Hakuongeza kitu. Ilipofika habari ya kofia, watu walicheka pale makaburini, na mchungaji hakuwazuia.

Sasa kwa nini nakusumbua na haya yote? Kwa sababu juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa huku Brampton ninakokaa na mwanangu mkubwa. Mbele yangu kulikuwa na mama wa Burundi na kijana wake, kijana wa umri wako, simu mkononi. Mfamasia akaeleza kwa kirefu, dawa hii usinywe na ile, ukiona kizunguzungu rudi haraka, chumvi punguza. Mama akauliza, "Anasema nini?" Kijana, macho kwenye simu, akajibu, "Anasema uko poa."

Nilimfinya sikio, mwanangu. Mtoto wa watu! Mfamasia alishtuka. Tukarudia yote tangu mwanzo, mimi nimesimama pembeni kama polisi, na yule mama akajua kwamba hayuko poa.

Wewe, mwanangu nisiyekuzaa, una lugha mbili, na wakubwa wako wengi wana moja na nusu. Utakaa katikati yao na daktari, na mwalimu, na mwenye nyumba, na siku moja labda na hakimu wa kweli. Utaona aibu kwa ajili yao. Baba atasema jambo la kijinga mbele ya watu, utataka kulinyoosha. Mama atauliza swali linalouma, utataka kuligeuza liwe la hali ya hewa. Usifanye hivyo. Yafikishe maneno ya watu kama walivyokupa, na makosa yake, na woga wake, na matapishi yake. Mtu akikuambia aliogopa, amekupa kitu kizito kuliko medali, usikibadilishe kwa kitu kinachong'aa. Usipojua neno, sema hujui, uulize. Na ukishakosea, kama nilivyokosea mimi, usitafute mlango wa dharura. Rudia pale ulipoharibu, mbele ya walewale waliokusikia. Utatoka jasho, ndiyo. Jasho hukauka.

Na mimi nakuombea, mwanangu. Mungu akupe ulimi mnyofu na tumbo la kucheka. Akupe watu watakaokusahihisha mapema, tena hadharani ikibidi, na moyo wa kutowachukia. Wazazi wako wazeeke wakikuamini. Baridi ya huku isikupate mapafuni, barafu isikuangushe, na popote utakaposimama kusema kwa niaba ya mwenzako, yeye akae pembeni yako ametulia, akijua kwamba anayesikika ni yeye. Nenda na baraka zangu zote. Na mpigie mama yako simu, amenilalamikia.